Mapipa ya Changarawe Darajani

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa, na kuliko siku niliyomzika baba yangu. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati watu wengi wa huku kwetu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa karakana ya barabara hapa Mpanda mjini. Siku hiyo nilipewa kazi ya kufunga barabara kwa ajili ya sherehe, nami nikaifunga kweli kweli. Nitakueleza nilivyoifunga na yaliyotokea, kwa sababu naona nyie vijana mnafunga barabara kila Jumamosi, mara arusi, mara msiba, mara muziki, na sijamwona hata mmoja anayejiuliza swali nililoulizwa mimi nikakataa kulijibu.

Jina langu ni Gaudensi. Karakana nzima ilikuwa inaniita Gaude. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, na siku zile mtu wa darasa la saba alijiona msomi. Nilijua kusoma ramani, nilijua kupiga hesabu ya tripu za kifusi, na nilikuwa na mwandiko mzuri ambao mkuu wetu wa karakana aliupenda. Nyumbani kwetu Misunkumilo mama alikuwa akiwaambia majirani kuwa mwanawe anafanya kazi ya ofisini, ingawa nilikuwa narudi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Kisabo, Mbende mmoja mfupi, mkimya, aliyeanza kazi za barabara tangu enzi za Mwingereza. Hakujua kuandika hata jina lake. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa anaweka dole gumba. Lakini alikuwa na desturi moja: kabla hajaweka kitu chochote barabarani, hata kama ni jiwe moja la kuonyesha shimo, alikuwa anaitembea ile barabara kwa miguu, upande huu na upande ule, huku akiangalia nyuma kila hatua chache. Sisi vijana tulikuwa tunamcheka chinichini. Tulisema mzee anatafuta kitu alichopoteza.

Sasa nikuambie kilichoniharibu. Miezi michache kabla ya siku ile palikuwa na sherehe ya mavuno, nikaambiwa nifunge barabara ya sokoni ili ngoma zichezwe. Nilichukua vile vizuizi vya mbao vya miguu minne, vyepesi, mtu mmoja anaweza kuvibeba begani, nikavipanga, nikaenda zangu kuangalia ngoma. Akaja dereva wa lori la tumbaku, mtu mwenye haraka zake. Akavisukuma kwa bampa, vikaanguka, akapita katikati ya wachezaji huku akipiga honi. Namshukuru Mungu hakumgusa mtu. Lakini watu walicheka sana. Kwa wiki nzima akina mama wa sokoni waliniita Bwana Mbao, na mkuu wa karakana alinisema mbele ya wenzangu wote, akauliza kama darasa la saba ndiko wanakofundishwa kufunga barabara kwa vijiti vya kuchokonolea meno.

Mwanangu, aibu ya kijana ni kitu kibaya. Mtu mzima akiaibika, siku mbili tatu amesahau. Kijana hukaa nayo, akaifuga, akailisha. Mimi niliapa moyoni kwamba nikipewa barabara nyingine hatapita mtu. Sikuapa kwamba hataumia mtu. Niliapa kwamba hatapita mtu. Nimekuja kuiona tofauti ya maneno hayo wakati haikuwa na faida tena.

Basi, ikatangazwa kuwa mgeni mkubwa anakuja kutoka mkoani. Ratiba ilikuwa gwaride la shule zote, kwaya, ngoma, kisha hotuba. Jukwaa likajengwa kando ya barabara kuu, maana uwanja ulikuwa haujasawazishwa. Ilibidi barabara ifungwe kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mkuu akaniita, akanipa kazi ile tena, akasema ananipa nafasi ya kufuta yaliyopita.

Ili unielewe, nikuchoree ilivyokuwa. Barabara inayotoka upande wa magharibi, kule Sibwesa na vijiji vya njiani, ilikuwa inaingia mjini kwa kuvuka daraja dogo jembamba, lenye mtaro mrefu kwenda chini kila upande. Ukishavuka daraja unapanda kidogo, unapita pale lilipokuwa jukwaa, unapita soko, halafu ndipo unafika hospitali. Lakini kabla ya daraja, kama mwendo wa kuvuta sigara moja, palikuwa na njia panda. Hapo ukikata kushoto ulikuwa unapita mashambani, unazunguka bonde la mpunga, unatokea nyuma ya hospitali. Njia mbovu, lakini kiangazi gari lilikuwa linapita.

Siku moja kabla ya sherehe Mzee Kisabo aliitembea barabara hiyo pamoja nami. Tulipofika njia panda akasimama. Akaniambia nifungie pale, nisifungie darajani, ili dereva akute habari mahali ambapo bado anaweza kugeuza au kukata kona. Akaniambia nitumie mti wa kuinua, kama ule wa kwenye vizuizi vya ukaguzi wa mazao: mti mmoja mrefu, upande mmoja umefungwa jiwe la kusawazisha uzito, mtu mmoja anauinua kwa mkono mmoja. Na huyo mtu mmoja asiondoke hapo toka asubuhi mpaka jioni, hata kwenda kunywa maji.

Nikamwambia kuwa mti kama ule dereva mkorofi ataugonga. Hakubishana nami. Alitazama upande wa jukwaa, akatazama upande wa hospitali, kisha akaniuliza polepole:

"Gaude, mgonjwa akija kesho, atapita wapi?"

Nikamjibu kuwa imetangazwa, kila mtu anajua barabara itafungwa.

"Sibwesa wametangaziwa?"

Nilijifanya ninapima upana wa barabara kwa hatua. Mzee akaenda zake, maana alikuwa amepangiwa kupeleka watu kufukia mashimo upande wa mashariki ambako mgeni angepitia. Alidhani nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Jioni ile ile nilichukua watu kumi na wawili. Tulibeba mapipa manane ya lami, matupu, ambayo nilikuwa nimeyapaka rangi nyekundu na nyeupe kwa mkono wangu. Tukayapanga katikati ya daraja, safu mbili, safu ya nyuma ikiziba nafasi za safu ya mbele, tukayajaza changarawe mpaka juu na kuishindilia. Nyuma yake tukalaza magogo mawili ya mninga. Mwenye baiskeli ilibidi aibebe juu ya kichwa. Njia panda sikuweka hata kibao. Na kwa nini niliweka darajani? Sababu niliyomwambia mkuu ni kwamba darajani hakuna pa kuchepukia. Sababu ya kweli ni kwamba ukikaa jukwaani unaliona daraja, lakini njia panda huioni. Nilitaka kazi yangu ionekane.

Mkuu alikuja kabla jua halijazama, akapiga pipa moja kofi, akacheka. "Hapa hata kifaru hakipiti," akasema. Nilirudi Misunkumilo nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka.

Kesho yake asubuhi nilisimama darajani na filimbi yangu shingoni. Watu walikuwa wengi, wa Ilembo, wa mjini, wa vijiji vya karibu, watoto wa shule na mashati meupe. Mapema alikuja mtu mmoja na pikapu, akasema amebeba mgonjwa. Nilipochungulia nyuma nikakuta kreti za soda. Nikamrudisha, na tangu hapo nikaweka moyoni kuwa kila atakayesema mgonjwa ni mwongo. Ona jinsi uongo wa mtu mmoja unavyoweza kumlipisha mwingine.

Ilikuwa yapata saa tano lilipokuja lori la mahindi kutoka Sibwesa. Lilikuwa peke yake, nyuma yake barabara nyeupe kabisa, hakuna hata baiskeli. Dereva alikuwa mtu mzima anaitwa Swedi. Aliposimama mbele ya mapipa alishika usukani akayatazama kama mtu aliyeota ndoto mbaya. Akaniambia ana mwanamke juu ya magunia, uchungu umemshika tangu jana, wakunga wa kijijini wameshindwa. Nikamwambia barabara imefungwa, mgeni yuko njiani. Akaniuliza kama kuna njia nyingine. Mwanangu, jibu lilikuwepo mdomoni mwangu. Rudi nyuma mpaka njia panda, kata kushoto. Maneno hayo hata mtoto angeweza kuyasema. Lakini kuyasema ilikuwa ni kukiri kwamba pale ndipo nilipotakiwa kufungia. Nikapiga filimbi, nikamwambia asubiri kama wengine.

Ndipo akashuka mama mmoja mzee, nguo yake imejaa vumbi la magunia. Hakunigombeza. Alinishika mkono kama mtu anayemshika mwanawe.

"Baba," aliniambia, "njoo umuone. Ukishamuona utafanya unavyoona wewe."

Nikapanda. Juu ya magunia walikuwa wametandika majani makavu na mkeka. Alilala hapo mwanamke kijana, labda mdogo kwangu kwa miaka miwili mitatu. Jina lake Paskalia, mimba ya kwanza. Midomo ilikuwa imepauka. Hakuwa analia wala kupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana nilikuwa nimesikia dada zangu wakizaa nyumbani na nilijua kelele zake. Mumewe, Leodegari, alikuwa amekaa kwenye gunia amempakata kichwa, anamkinga jua kwa kofia yake. Alinitazama mara moja tu, kisha akarudisha macho kwa mkewe.

Nilipoona hivyo, nadhani unafikiri nilifungua. Hapana. Nilimwogopa mkuu. Nilisema nakimbia kuomba ruhusa, na kweli nilikimbia. Nilipofika nyuma ya jukwaa kwaya ya shule ilikuwa inaimba, mkuu amekaa safu ya pili karibu na viongozi. Nikainama nikamnong'oneza begani. Hakugeuka. Aliniinulia kiganja kwamba ningoje. Nami nikangoja. Nilisimama nyuma ya kiti chake, nimeunganisha mikono mbele kama mtu yuko kanisani, nikasubiri wimbo uishe. Ulikuwa wimbo mrefu. Kila ubeti ulipokwisha nilidhani ndio mwisho, wale watoto wakavuta pumzi wakaanza mwingine. Nimeusikia wimbo ule mara nyingi baadaye, kwenye redio na kwenye sherehe, na kila ukianza naondoka mahali pale. Mke wangu alikuwa akiwaambia watu kuwa masikio yangu hayapendi kwaya.

Wimbo ulipokwisha na makofi yakapigwa, mkuu alinisikiliza, akakunja uso, akasema: "Si ufungue upande mmoja wapite? Hilo nalo la kuniuliza?"

Ndivyo alivyosema. Ruhusa niliyoingojea muda wote ule haikuhitaji kungojwa hata nukta moja.

Niliporudi darajani nilikuta mambo mengine. Nyuma ya lori la Swedi lilikuwa limesimama basi la abiria, na nyuma ya basi trekta lenye tela la mbao, na kila mmoja amesogea mpaka karibu ya mwenzake ili ajue kuna nini. Lori halikuweza kurudi nyuma tena. Na mtaro ulikuwepo kulia na kushoto.

Nikaita watu tukasukuma pipa la kwanza. Halikutikisika. Wakaongezeka abiria wa basi, tukawa kama wanane, tukasukuma huku tukiitikiana. Likainama kidogo likarudi palepale. Changarawe ilikuwa imeshikana usiku kucha kama saruji. Mmoja akaleta jembe, tukaanza kuchota, lakini mdomo wa pipa ni mwembamba na jembe haliingii vizuri. Nikaanza kuchota kwa mikono. Ni hapo tu, mwanangu, na mikono yangu imo ndani ya lile pipa mpaka kwenye viwiko, nilipogundua kwamba tangu nianze kuipanga ile kazi sikuwahi hata mara moja kufikiria mapipa yale yatafunguliwaje.

Mzee Kisabo alitokea upande wa mjini anakimbia. Mtu alikuwa amempelekea habari. Hakunitazama. Alitazama mapipa, akatazama magari, akasema hapa hakuna gari litakalopita, mama atabebwa. Akaingia kwenye duka lililokuwa karibu, akatoka na mlango. Aliung'oa kwenye bawaba huku mwenye duka anamsaidia. Tukamshusha Paskalia tukamlaza juu ya ule mlango, wanaume sita, mimi nikashika kona ya miguuni, Leodegari kona ya kichwani. Tukamvusha juu ya mapipa yangu mwenyewe. Tulilazimika kumwinua mpaka juu ya vichwa vyetu, na alipoinama upande mmoja nilimsikia akisema neno moja kwa lugha ya kwao. Sijui maana yake mpaka leo. Sikuthubutu kumwuliza mtu.

Kuanzia daraja mpaka hospitali, siku ya kawaida, ni mwendo mfupi. Siku ile watu walikuwa wamejaa barabara nzima. Ngoma zilikuwa zimeanza, hakuna anayesikia ukimwambia pisha. Mgambo waliokuwa wameshika kamba walitusimamisha wakidhani ni fujo. Mzee Kisabo alikuwa mbele anapasua njia kwa mabega, yule mama mzee nyuma anashikilia nguo ya binti yake isipeperuke. Tulipita mbele ya jukwaa kabisa. Kiti cha mgeni kilikuwa kitupu, kimetandikwa kitambaa.

Hospitali walimpokea haraka, siwezi kuwalaumu. Muuguzi mmoja alimgusa shingo, akamgusa tumbo, akatuangalia wote kwa zamu kana kwamba anamtafuta mwenye jibu, akasema mbona mmechelewa hivi. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Paskalia mwenyewe alifariki alasiri, kabla kengele ya kanisani haijalia. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye kibaraza na changarawe kwenye kucha. Leodegari alitoka nje, akasimama, akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Habari ya mgeni ilikuja jioni hiyo hiyo. Gari lake lilikuwa limeharibika njiani toka asubuhi, akageuza kurudi alikotoka. Barabara niliifunga kwa ajili ya mtu ambaye hakufika.

Unaweza kufikiri niliadhibiwa. Heri ningeadhibiwa. Jumatatu mkuu wa karakana alitukusanya, akasema sherehe ilikwenda kwa utulivu na hakuna gari lililoleta usumbufu, akanitaja kwa jina, watu wakapiga makofi. Habari ya yule mama aliitaja kama bahati mbaya ya uzazi. Wenzangu waliokuwepo darajani walipiga makofi wakiangalia chini. Mzee Kisabo hakupiga.

Siku hiyo mimi na yeye tulitumwa kuyaondoa mapipa. Ilituchukua tangu asubuhi mpaka saa tisa, tunachota changarawe kwa kopo. Tukafika pipa la mwisho. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, Mzee, nitukane basi. Aliweka kopo chini, akakaa kwenye gogo.

"Nikutukane nini?" akasema. "Ungekuwa mjinga ningekutukana. Wewe ulijua. Nilikuuliza atapita wapi, nikaona macho yako yakienda njia panda. Umefunga barabara ili usichekwe. Barabara si ya kwako, Gaude, ni ya yule ambaye hajafika. Yule uliyemwona hapa anaweza kukuambia shida yake. Yule ambaye hajafika ni nani atamsemea, kama si wewe uliyeshika kizuizi?"

Akaokota kopo akaendelea kuchota. Hatukurudia mazungumzo hayo mpaka alipokufa.

Baada ya wiki tatu nilipanda lori kwenda Sibwesa. Nilimkuta yule mama mzee anaanika mihogo mbele ya nyumba. Nilimwamkia kwa kupiga magoti, nikamwita mayo, kama tunavyowaita mama zetu sisi Wakonongo. Alinitambua. Alinipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa. Nikamweleza yote, hata habari ya njia panda, hata habari ya wimbo, maana nilikuwa nimeapa sitaficha. Leodegari alikuwa ndani. Nilisikia kikohozi chake. Hakutoka.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake inageuza mihogo. Kisha akasema: "Nilidhani hapakuwa na njia nyingine. Nilikuwa nalala kwa sababu hiyo. Sasa umeniambia ilikuwepo."

Nikasema, mayo, nisamehe.

"Nimekusikia, baba. Nenda, lori lisikuache."

Sikujua kama amenisamehe au amenifukuza, na sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba nilikwenda kutua mzigo wangu nikaenda kuuweka kichwani pa mama aliyefiwa. Niliporudi mwaka uliofuata nyumba ilikuwa imebomoka ukuta mmoja. Majirani walisema mama alifariki wakati wa mvua, na Leodegari alihamia vijiji vya ziwani. Niliwahi kusikia kuwa alioa tena, niliwahi kusikia pia kuwa hakuoa. Sikumtafuta.

Miaka imepita mingi. Nilifanya kazi ya barabara mpaka nikastaafu, nikafungia sherehe nyingi, na kila mara nilitumia mti wa kuinua na kusimama pale mwenyewe. Usije ukadhani ninakuambia haya ili uone kwamba nililipa. Hakuna nilichokilipa. Miti yote niliyoinua baada ya siku ile haijamvusha Paskalia. Wapo waliopita salama, nawatakia heri, lakini siwajui na wao hawanijui, na ninapofumba macho namwona yuleyule mmoja.

Mwezi uliopita hapa Ilembo vijana walifunga barabara kwa ajili ya arusi. Walilaza magogo, juu yake wakaweka mawe, wakapaki na bajaji mbili ambazo wenyewe walikuwa wanacheza muziki. Nilijikongoja nikawaendea. Nikawauliza, mgonjwa akija atapita wapi? Mmoja akanipisha kiti kwa heshima, akanipa soda, akaniambia babu usiwe na wasiwasi, hakuna mgonjwa leo. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nilikaa pale kama saa moja nikiangalia upande magari yanakotokea, kisha magoti yakachoka nikarudi nyumbani. Hakuna aliyekuja siku hiyo. Watafunga tena vilevile.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma, mwanangu, ingawa sina hakika utashika. Ukipewa barabara uifunge, usichague kizuizi kwa kupima nguvu zake za kuzuia. Pima muda wa kukifungua. Kama mtu mmoja, peke yake, hawezi kukiondoa kabla gari halijazimwa, hicho usikiweke. Usikiweke darajani wala mahali penye mtaro. Kiweke pale ambapo aliyekuja bado anaweza kugeuza, na mbele yake zaidi weka alama imwambie mapema apite wapi. Iache njia ya hospitali wazi, na kama ni lazima uifunge, hakikisha ile ya kuzungukia inapitika, uipite wewe kwanza kwa miguu yako. Usitangaze mjini tu, watu wa mashambani ndio wanaotoka mbali. Simama hapo mwenyewe, au msimamishe mtu mzima mwenye akili, na umpe ruhusa asubuhi, mbele ya watu, ya kufungua bila kumwuliza yeyote. Ukidanganywa mara moja, mara ya pili panda juu ya lori ukaangalie. Na ukigundua umekosea, sema saa hiyohiyo, barabara nyuma ikiwa bado nyeupe. Aibu utaipata, nayo itakwisha. Hii niliyonayo mimi haiishi.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Mungu akupe mkono mwepesi wa kufungua kuliko wa kufunga. Akujalie usimkute mtu wa kukulaani njiani kwako, na wewe usiwe sababu ya mtu kuchelewa anakokwenda. Kina mama wa nyumba yako wajifungue salama, warudi na watoto wao mgongoni. Nenda na amani, mwanangu. Mimi sikuipata, lakini kukuombea naweza.